Baturyn, mji mkuu uliochomwa ili uwe onyo

Msomaji wetu wa Tanga anauliza: "Katika kufuatilia habari za Ukraine nimekutana na jina la Baturyn. Nimeutafuta kwenye ramani nikakuta ni kamji kadogo, wakazi hawafiki elfu tatu. Lakini nasoma kwamba hapo ndipo yalipokuwa makao makuu ya Wakosaki. Imekuwaje? Kwa nini isiwe Kyiv, mji mkubwa tangu enzi na enzi? Na habari za mauaji ya mwaka 1708 ni za kweli, au ni maneno yaliyozuka na vita vya sasa? Mwisho, kuna chochote kilichobaki huko cha kuona?"

Ndugu yangu, nianze na swali lako la mauaji, maana ndilo zito kuliko yote. Ni kweli. Baturyn ulichomwa na watu wake wakauawa mwezi Novemba 1708. Amri ya kuuteketeza imo katika barua ya Peter wa Kwanza mwenyewe, Tsar (yaani mfalme) wa Urusi, vifo vya raia vimeandikwa katika kumbukumbu za Waukraine wa karne ile, na mifupa ya wanawake na watoto imefukuliwa na wanaakiolojia wa zama zetu. Vita vya leo vimeufanya mkasa huo utajwe zaidi, lakini havikuubuni. Nimesoma habari za mji huu kwa miaka mingi, na hadi leo nikifika kurasa za mwaka ule huwa nafunga kitabu kwanza, nivute pumzi, ndipo niendelee.

Sasa turudi nyuma, kwa sababu bila kuwajua Wakosaki mambo haya hayashikiki.

Neno lenyewe lina asili ya Kituruki na maana yake ni mtu huru, asiye na bwana. Wakosaki wa Ukraine walikuwa wakulima, wawindaji, wavuvi na askari waliokimbia utumwa wa mashambani chini ya mabwana wa Poland na Lituanya, wakaenda kuishi kwenye mbuga za kusini, ng'ambo ya maporomoko ya mto Dnipro. Ndiyo maana ya Zaporizhia: ng'ambo ya maporomoko. Mwaka 1648 waliinuka chini ya Bohdan Khmelnytsky, wakawashinda Wapoland na kuunda dola yao. Mkuu wao aliitwa hetmani, jemadari na mtawala kwa pamoja, na alama ya mamlaka yake ilikuwa rungu. Nchi iligawanywa kwa vikosi: kila eneo lilikuwa kikosi, na kanali wa kikosi ndiye aliyeongoza vita, akatoza kodi na kusimamia hukumu. Jeshi na serikali vilikuwa kitu kimoja.

Kwa hiyo unapouliza mji mkuu ulikuwa wapi, kwa Wakosaki jibu lilikuwa jepesi. Palipo na rungu la hetmani, karani mkuu na nyaraka zake, hazina na mizinga, hapo ndipo mji mkuu. Khmelnytsky aliviweka Chyhyryn, karibu na kwao. Ivan Briukhovetsky aliyekuja baadaye alikaa Hadiach. Ukubwa wa mji haukuwa na uzito sana. Ngome imara na usalama wa hetmani ndivyo vilivyoangaliwa.

Kyiv ulikosa sifa hiyo ya pili. Mwaka 1654 Khmelnytsky alifunga mapatano na Moscow ili apate mshirika dhidi ya Poland, na kuanzia hapo askari wa Tsar wakaingia Kyiv pamoja na gavana wao. Mji wenyewe ulikuwa na hati yake ya kale ya kujitawala, halmashauri yake na mahakama yake. Hetmani angekaa Kyiv angekuwa mgeni kati ya wenyeji wawili. Halafu baada ya Khmelnytsky kufariki mwaka 1657 nchi ikaingia katika miaka ambayo Waukraine wenyewe huiita Ruina, yaani maangamizi: hetmani juu ya hetmani, Poland upande huu, Moscow upande ule, Waosmani na Watartari wa Krimea kusini. Mwaka 1667 Poland na Moscow zikaigawana Ukraine kwa mkataba wa Andrusovo, mpaka ukiwa mto Dnipro. Kyiv uko ng'ambo ya Poland, lakini Moscow ikaachiwa kwa miaka miwili tu. Haikuurudisha tena. Chyhyryn ukabaki upande wa magharibi, na mwaka 1678 jeshi la Waosmani likaubomoa.

Wakosaki wa upande wa mashariki wakahitaji makao mapya, na mwaka 1669 hetmani Demian Mnohohrishny akayaweka Baturyn. Mji huu uko kilomita zipatazo 200 kaskazini-mashariki mwa Kyiv, katika mkoa wa Chernihiv wa leo, juu ya genge linaloangalia bonde la mto Seim. Ukisimama pale unaelewa mara moja kwa nini walipachagua. Chini yako kuna mto, malisho na vinamasi. Adui wa upande ule hana pa kujificha, na farasi wa Watartari hawakupenda kufika kaskazini kwenye misitu na matope namna ile. Mpaka wa Moscow nao haukuwa mbali, na hilo Moscow ililipenda. Iliweka Baturyn kikosi cha askari wake wa bunduki, walioitwa strelsi. Kwa jina, kazi yao ilikuwa kumlinda hetmani.

Angalia walivyomlinda. Usiku mmoja wa Machi 1672 wakuu wa Wakosaki wenyewe, wakishirikiana na maofisa wa kikosi hicho, walimvamia Mnohohrishny ndani ya ngome yake, wakamfunga na kumpeleka Moscow. Aliteswa, akahukumiwa, akatupwa Siberia. Aliyemfuata, Ivan Samoilovych, alitawala miaka 15. Mwaka 1687 vita vya kwenda Krimea viliposhindikana, lawama zote zikamwangukia yeye. Naye akaishia Siberia. Wawili mfululizo kutoka kiti kimoja! Nakutajia haya kwa sababu wengi huanza kumsoma Ivan Mazepa kuanzia siku aliyomgeuka Tsar, kana kwamba aliamka tu asubuhi moja na wazo hilo. Mazepa alikuwa mtu wa karibu wa Samoilovych. Aliiona kwa macho njia iliyotoka Baturyn kwenda Siberia, kisha yeye ndiye akachaguliwa kukikalia kiti kile.

Miaka 21 ya Mazepa ndiyo miaka ya neema ya Baturyn. Alikuwa msomi wa Kyiv aliyelelewa katika ujana wake kwenye jumba la mfalme wa Poland, akijua Kilatini na lugha nyingine kadhaa. Alijenga na kukarabati makanisa mengi kwa fedha zake, na hata leo baadhi ya kuba za dhahabu unazoziona kwenye picha za Kyiv zina mkono wake. Injili ya Peresopnytsia, iliyoandikwa kwa mkono katikati ya karne ya 16, ilihifadhiwa naye, na mwaka 1701 akaitoa zawadi kwa kanisa kuu la Pereiaslav. Juu ya kitabu hicho hicho marais wa Ukraine huweka mkono wanapoapishwa.

Ndani ya mji kulikuwa na ngome ya ndani, makazi ya wakuu, makanisa, masoko na watu wa kila kazi: wafinyanzi, wahunzi, wafanyabiashara, makarani. Kwenye kitongoji cha Honcharivka, mwendo wa takriban kilomita mbili kutoka ngomeni, Mazepa akajijengea kasri la matofali la ghorofa tatu kwa mtindo wa ulaya ya magharibi uliokuwa mpya kabisa kwenye nchi ile. Lakini mapambo yake yalikuwa ya wafinyanzi wa kwao. Wanaakiolojia wamekuta vigae vya jiko vyenye nembo ya ukoo wa Mazepa, na maua ya udongo wa kuchoma yaliyopakwa rangi za kung'aa, yaliyokuwa yamepangwa juu ya kuta za nje. Hebu fikiria kasri jeupe juu ya kilima, na chini ya paa mstari wa maua ya bluu, kijani na manjano. Tunajua lilivyosimama kwa sababu mwaka 1744 kuna mtu alichora magofu yake, na mchoro huo uko katika makumbusho ya taifa ya Stockholm.

Nyumba nyingine ya kukumbuka ni ya Vasyl Kochubey, jaji mkuu wa Wakosaki, rafiki wa Mazepa na baadaye hasimu wake. Kochubey alikuwa na binti, Motria, aliyebatizwa Mazepa akiwa baba yake wa ubatizo. Hetmani alipokuwa mjane mwenye umri uliovuka miaka 60 alitaka kumwoa. Wazazi wakakataa katakata, na kanisa nalo lisingeruhusu. Motria akatoroka kwao, akakimbilia kwa Mazepa, naye akamrudisha nyumbani asije akamharibia jina. Barua alizomwandikia zimebaki, na ukizisoma huoni jemadari, unaona mtu aliyependa akaumia. Miaka michache baadaye Kochubey alimpelekea Tsar habari kwamba Mazepa anapanga kumgeuka. Peter hakuamini. Mazepa alikuwa mtumishi wake mkubwa, mtu wa pili kabisa kupewa nishani ya juu ya Mtakatifu Andrea. Kochubey akakabidhiwa kwa huyo huyo aliyemshitaki, na Julai 1708 akakatwa kichwa.

Alikuwa amesema kweli.

Kwa nini Mazepa alimgeuka Tsar? Vita vya Peter dhidi ya Uswidi vilikuwa vimeanza mwaka 1700, na Wakosaki walipelekwa kupigana mbali kaskazini na kuchimba ngome za watu, wakirudi wachache, bila mishahara. Wakuu wao walinong'ona kwamba Peter ana mpango wa kuwafanya kikosi cha kawaida cha jeshi lake na kuufuta uhuru wao. Na Mazepa alipouliza nani atailinda Ukraine ikivamiwa kutoka magharibi, akajibiwa kwamba Tsar hana askari wa kumpa, ajilinde mwenyewe. Mapatano na Moscow yalikuwa ya ulinzi. Ulinzi ulipokosekana, kwa mtazamo wa Mazepa mapatano yalikuwa yamekufa. Mimi sioni kwamba alikuwa mtakatifu. Alikuwa tajiri, mjanja, mkali kwa wapinzani wake, na alichelewa mno kuwaambia watu wake kile alichokusudia. Lakini neno msaliti, ambalo wengi hulitamka haraka, linataka kwanza ukubali kwamba nchi ile ilikuwa mali ya Peter, na hicho ndicho Wakosaki hawakuwahi kukubali.

Sasa tufike Novemba. Vuli ya mwaka 1708 mfalme Charles wa Kumi na Mbili wa Uswidi alikuwa anaelekea Moscow, lakini msafara wa magari ya chakula na baruti uliokuwa ukimfuata ukavunjwa na Warusi kule Lesnaya, katika Belarusi ya leo. Jeshi lake likabaki na njaa, baridi ikikaribia. Akageuka kusini, kwa Mazepa. Na ghala la Mazepa lilikuwa Baturyn: nafaka, baruti, mizinga. Hapo ndipo hatima ya mji ilipofungwa. Atakayefika kwanza Baturyn ndiye atakayekula majira yale ya baridi.

Mazepa alikuwa Borzna, si mbali, akijifanya mahututi kitandani ili asiitwe na Tsar. Aleksandr Menshikov, mkono wa kulia wa Peter, alipofunga safari kwenda kumwona mgonjwa, mgonjwa akaruka kitandani, akapitia Baturyn, akavuka mto Desna na Wakosaki elfu chache kwenda kwa Waswidi. Nyuma aliacha mji mikononi mwa kanali Dmytro Chechel, aliyeongoza askari wa miguu wa kulipwa, na Friedrich Königsek, mtu mwenye asili ya Kijerumani, msimamizi wa mizinga. Amri yao ilikuwa wasifungue malango kwa askari wa Tsar hadi Waswidi wafike.

Waswidi walichelewa kwenye kivuko cha Desna. Menshikov hakuchelewa. Alifika chini ya kuta, akataka malango yafunguliwe, yakafungwa zaidi. Yalipita mazungumzo yasiyofika popote, huku kila upande ukingoja muda uwe wake. Kisha alfajiri ya tarehe 2 Novemba kwa kalenda ya zamani ya Warusi, ambayo ni 13 Novemba kwa kalenda yetu (usishangae ukikuta tarehe zote mbili vitabuni), askari wake wakaingia. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja wa kikosi cha Pryluky, Ivan Nis, aliwapelekea habari za mahali dhaifu pa kupitia. Wanahistoria bado wanavutana kuhusu njia hiyo ilivyokuwa. Kinachojulikana ni kwamba baada ya hapo Nis alipandishwa kuwa kanali wa Pryluky.

Mapigano yenyewe yanasemekana kuchukua saa mbili hivi. Kilichofuata ndicho kilichobaki katika kumbukumbu. Watu waliuawa nyumbani, barabarani na makanisani walikokimbilia. Wengine walijaribu kuvuka Seim, lakini barafu ilikuwa haijakomaa, ikapasuka wakazama. Wengine waliteketea ndani ya nyumba. Ngome, makazi, kasri la Honcharivka, vyote vikachomwa. Chakula na baruti visivyochukulika vikaharibiwa. Mizinga ikachukuliwa.

Habari za Chechel zimeandikwa katika kumbukumbu ya zamani ya Waukraine, na mimi huziona ndizo zinazotuleta karibu kabisa na siku ile. Alitoka mjini akiwa hai, juu ya farasi, amelowa na kupigwa na baridi. Akafika kijiji cha jirani kwa mtu aliyeunganishwa naye kwa ubatizo wa mtoto, udugu ambao kwa Waukraine una heshima ya damu. Nyumba za kule zina jiko kubwa la matofali, ambalo juu yake hutandikwa mahali pa kulala. Chechel akapanda juu ya jiko apate joto, usingizi ukamchukua. Mwenye nyumba akatoka kimya kimya akaenda kwa mkuu wa kijiji, na Chechel akakamatwa angali amelala. Aliuawa hadharani Hlukhiv.

Wamekufa wangapi Baturyn? Wanahistoria wa Ukraine hutaja mara nyingi makadirio ya kati ya watu elfu 11 na elfu 15, askari na raia kwa pamoja. Baadhi ya wenzao wa Urusi hushusha idadi hiyo sana na kusema ngome iliyokataa kujisalimisha ilijua kitakachoipata kwa desturi za vita vya zama zile. Idadi waendelee kuibishania, wana haki ya kufanya hivyo. Lakini kwenye hoja ya desturi nasimama, kwa sababu barua ya Peter ipo. Aliandika kwamba ikiwa Baturyn hauwezi kulindwa dhidi ya Waswidi basi uchomwe wote, uwe mfano kwa wasaliti wengine. Mji ulichomwa ili kila mji mwingine wa Wakosaki uone na kunyamaza. Na ilifanya kazi. Miji mingi ilinyamaza.

Kuanzia mwaka 2001 wanaakiolojia wa Ukraine na Kanada wamekuwa wakichimba pale kwa pamoja. Wamekuta tabaka la majivu na matofali yaliyoungua chini ya nyasi, na kuzunguka mahali lilipokuwa kanisa la ngomeni wamekuta makaburi ya harakaharaka, yasiyo na kina, mengine bila jeneza. Ndani kuna wanawake, wazee na watoto, na kwenye baadhi ya mafuvu alama za mapigo zinaonekana wazi. Mshairi Taras Shevchenko aliuandika msiba huu tangu mwaka 1845, miaka karibu 180 iliyopita, vita vya leo havijaota. Katika shairi lake, nafsi ya msichana wa Baturyn haipokelewi mbinguni kwa sababu alipokuwa mdogo alimnywesha maji farasi wa Tsar aliyekuwa akirudi kutoka Poltava, alikowashinda Waswidi. Mama yake na dada yake walikuwa wamelala wamekumbatiana, wameuawa. Yeye hakujua kwamba kumpa maji farasi yule ni dhambi.

Siku chache baada ya moto Wakosaki waliobaki wakaitwa Hlukhiv. Huko sanamu ya Mazepa ikanyongwa hadharani, akachaguliwa hetmani mpya Ivan Skoropadsky chini ya macho ya Tsar, na kanisa likatamka laana juu ya jina la Mazepa. Hlukhiv ukawa mji mkuu. Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa makali kupita yote ambayo Ulaya iliyakumbuka, Waswidi wakafa kwa maelfu kwa kuganda, na kiangazi cha mwaka 1709 wakashindwa Poltava. Mazepa akakimbilia nchi ya Waosmani, akafia Bender, katika Moldova ya leo, mwaka huo huo.

Nilipolisoma jambo hili kwa mara ya kwanza nilidhani hadithi ya Baturyn imeishia hapo. Haikuishia.

Katika kijiji cha Lemeshi, mkoa ule ule, kulikuwa na kijana wa Kikosaki mwenye sauti nzuri aliyechukuliwa kuimba katika kwaya ya jumba la kifalme St Petersburg. Jina lake Oleksiy Rozumovsky. Elizabeth, binti wa Peter yule yule aliyeuchoma mji, akampenda. Elizabeth alipokuwa malikia, mdogo wake Oleksiy, Kyrylo, aliyekuwa akichunga mifugo, akaitwa na kupelekwa kusoma Ujerumani. Alipofika miaka 18, mwaka 1746, akafanywa rais wa chuo cha sayansi cha Urusi. Mwaka 1750 akawa hetmani. Na jambo alilolitaka ni kuurudisha mji mkuu Baturyn. Akajenga, akaleta watu, akaanzisha kiwanda cha nguo, na mwaka 1760 akawa na mpango wa kufungua chuo kikuu pale pale juu ya majivu.

Chuo kikuu hakikufunguliwa. Mwaka 1764 Catherine wa Pili alimlazimisha Kyrylo ajiuzulu na cheo cha hetmani kikafutwa moja kwa moja. Kuanzia hapo Baturyn haukuwa tena makao makuu ya chochote. Kyrylo mwenyewe alirudi uzeeni, mwaka 1794, akamwita Charles Cameron, msanifu wa majengo wa familia ya kifalme, amjengee kasri. Ujenzi ulianza mwaka 1799. Akafariki Januari 1803 bila kuliona limekamilika, akazikwa kwenye kanisa la Ufufuo mjini humo. Mwanawe Andriy alikuwa balozi huko Vienna, na mtunzi wa muziki Beethoven alimtungia zile kwateti tatu (muziki wa vyombo vinne vya nyuzi) za mwaka 1806 zinazobeba jina la ukoo wao. Ukizisikia, jua kwamba jina hilo lilitoka kwa wachunga mifugo wa Lemeshi.

Pigo la mwisho kwa ukubwa wa mji lilikuwa la kimya. Reli ya Kursk hadi Kyiv ilipojengwa mwishoni mwa miaka ya 1860 ilipita Konotop na Bakhmach, ikauacha Baturyn pembeni. Biashara ikafuata reli. Hadi leo ukitaka kwenda kwa treni unashukia Bakhmach halafu unatafuta gari. Katika enzi za Wasovieti habari za Mazepa zilifundishwa kama za msaliti tu, na kumwita mtu mfuasi wa Mazepa lilikuwa tusi la kisiasa linaloweza kumgharimu. Kasri la Cameron likaungua mwaka 1923, likaharibiwa tena katika Vita Kuu ya Pili, likabaki kuta tupu.

Kuhusu cha kuona, kipo. Mwaka 1993, baada ya uhuru, palianzishwa hifadhi ya taifa inayoitwa Mji Mkuu wa Mahetmani. Kazi kubwa ilifanyika wakati wa rais Viktor Yushchenko. Mwaka 2008 Baturyn ulirudishiwa hadhi ya mji. Mwaka 2009 ngome ya ndani, iliyojengwa upya kwa magogo kufuata msingi uliofukuliwa, ikafunguliwa, na kasri la Kyrylo likamalizika mwaka huo huo, zaidi ya miaka 200 baada ya mwenyewe kufariki. Ngome ile mpya kuna wanaoilalamikia kwamba inang'aa mno, na mimi nakubaliana nao kidogo. Mbao zake hazina historia. Makaburi yaliyo karibu nayo yanayo. Sura ya Mazepa nayo imerudi: iko kwenye noti ya hryvnia 10, fedha ya Ukraine. Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliingia tena katika mkoa wa Chernihiv, yakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Maadamu vita vinaendelea, safari ya huko si jambo la kumshauri mtu.

Lakini siku utakapoweza kwenda, ndugu yangu, usianzie kwenye ngome wala kwenye kasri. Anzia kwenye bustani ya Kochubey, yenye mialoni mikubwa mizee. Ndani yake kuna nyumba ya matofali meupe, ya chini, yenye kuta nene na vyumba vya chini vyenye dari ya kuba. Ndiyo nyumba ya jaji mkuu. Mwenye nyumba alikuwa ameshauawa kabla ya Novemba ile. Nyumba zote alizozijua majirani zake ziliteketea, na yake ndiyo pekee ya mji ule iliyosimama hadi leo.